Kuongeza haidroliki ya nje kwenye trekta ya zamani: mwongozo kamili kwa wenye Massey 135 na 240

Massey Ferguson 135 zilianza kutoka kiwanda cha Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na mdogo wake 240 ameundwa Pakistan miaka mingi na ndo huyo amejaa huku kwetu, uende Kiteto, Mbarali au Kitale unamkuta. Injini ya Perkins silinda tatu, spea zipo kila duka, mafundi wapo kila kijiji. Kasoro yake ni kwamba nyingi zilikuja na haidroliki ya kunyanyua mikono ya nyuma tu. Siku umenunua trela la tipa, au plau ya diski ya kugeuza kwa jeki, au unataka loda ya mbele ya kuzolea samadi, unazunguka nyuma ya trekta unatafuta pa kuchomeka mipira na hamna kitu.

Hapa naeleza namna ya kuiongezea, kuanzia kuchagua njia mpaka kuseti presha. Msimamo wangu nausema mapema: kama kazi yako inazidi kuinua tipa dogo, usiiguse pampu ya ndani, weka pampu ya PTO (ile shafti ya nyuma inayotoa nguvu ya injini) yenye tenki lake na oili yake. Maana kwenye trekta hizi oili ya haidroliki ndo hiyohiyo oili ya gia boksi na difu, kwa hiyo uchafu wowote utakaotoka kwenye jeki uliyonunua chakavu unaishia kwenye meno ya gia na beringi, na gia boksi ikifa hapo unauza ng'ombe.

KWANZA IJUE ILIYOPO

Pampu ya 135 na 240 ipo tumboni, ndani ya nyumba ya gia boksi ya nyuma, imezama kwenye oili na inazungushwa na shafti ya PTO. Ni mfumo wa Harry Ferguson, ulikuwepo tangu zile Ferguson TE20 zilizoanza kuundwa 1946. Pampu yenyewe ni ya pistoni nne, na kinachowachanganya mafundi wengi ni kwamba valvu yake ya kuongoza imekaa upande wa kuvuta, haipo upande wa kusukuma kama pampu nyingine mnazozijua. Usipoomba kitu, valvu inafunga mlango wa kuvutia na pampu inazunguka bila kusukuma, ukipandisha liva inafungua, inasukuma, mikono ikifika ulipotaka inafunga tena. Ndo maana ukichukua valvu ya kawaida ya tingatinga ukaiunga hapo ukitegemea oili izunguke tu kurudi, haiendi hivyo, itabidi uiweke pampu isukume muda wote, oili inachemka na mikono ya nyuma inakosa nguvu.

Kuna mengine mawili ya kujua. La kwanza, PTO isipoingizwa, pampu utakayoipachika kwenye PTO haizunguki kabisa. La pili ni klachi. Kuna trekta za klachi ya hatua moja, ukikanyaga kila kitu kinasimama, na kuna za hatua mbili, nusu ya kwanza inaachia magurudumu tu na PTO inaendelea kuzunguka, ukifika chini kabisa ndo PTO nayo inakata. Kupima ni rahisi: gia nyutro, ingiza PTO, injini ya chini, mtu asimame mbali aangalie shafti we ukanyage taratibu kwa hatua. Ukigundua yako ni ya hatua moja, loda ya mbele itakusumbua, maana kila ukikanyaga klachi kubadili gia na ndoo inasimama.

Na oili inayotoka kwenye pampu ya ndani ni chini ya lita 20 kwa dakika. Mikono ya nyuma haina shida, tipa dogo haina shida, ila mota ya haidroliki sahau.

KAZI NDO INACHAGUA NJIA

Tipa la jeki ya njia moja, yaani mafuta yanaingia kuinua na uzito wa bodi unarudisha: hapo unaweza kuchota kutoka pampu ya ndani. Plau ya kugeuza, loda, mashine ya kupasulia magogo, haro yenye magurudumu, hizo zina jeki za njia mbili, mafuta yanasukuma kwenda na kurudi, hapo nenda pampu ya PTO. Kifaa chenyewe kikihitaji PTO muda huohuo, mfano beila ya majani, basi tafuta gia boksi ya pampu yenye shafti inayotokeza nyuma, au pampu ya mbele inayofungwa kwenye puli ya kranki kwa kaplingi ya mpira. Hiyo ya kranki ni nzuri kwa loda kwa sababu haijali klachi, lakini inataka kutoboa chuma cha mbele, breketi nene, na kulenga shafti na shafti kwa usahihi mkubwa, la sivyo inatafuna kaplingi na mwisho inaumiza sili ya kranki. Kama huna mkerezaji unayemwamini achana nayo.

NJIA FUPI: KUCHOTA KWENYE PAMPU YA NDANI

Juu ya nyumba ya lifti, mbele ya siti, kuna kifuniko kidogo cha bolti ambapo oili ya presha inapita kuelekea silinda ya lifti. Shusha mikono mpaka chini, zima injini, safisha eneo lote kwa dizeli na brashi kabla ya kufungua hata bolti moja. Toa kifuniko, weka sahani yenye tundu la kutolea au, bora zaidi, valvu ya kuchagua yenye liva, inayokuwezesha kupeleka oili kwenye mikono au nje. Maduka ya spea za Massey wanazo, ulizia kwa modeli yako na uende na kifuniko cha zamani mkononi. Oringi mpya, usirudishe za zamani.

Ukiweka sahani tupu bila valvu ya kuchagua, mikono ya nyuma itapanda kwanza ndo tipa lianze kupanda, kwa sababu mafuta yanafuata pepesi. Kuinua tipa unapeleka liva ya pozisheni mpaka ilipoandikwa Constant Pumping, na jeki ikifika mwisho rudisha mara moja, ukiiacha pale pampu inaendelea kusukuma mpaka rilifu (valvu ya kuachia presha ikizidi) inavunja, utaisikia inalia.

Angalia pia kiasi cha oili. Gia boksi inabeba karibu lita 30, jeki ya kipenyo milimita 90 yenye mwendo wa mita 1 inameza zaidi ya lita 6, kwa hiyo tipa likiwa juu gia boksi imepungukiwa. Kipimo cha oili kisome tipa likiwa chini na injini imezimwa. Na jeki ya trela itumie oili aina ileile ya trekta, sio ya lori, maana inachanganyika. Hiyo ndo njia fupi, imeisha. Yaliyobaki yote ni ya pampu ya PTO.

HESABU KABLA YA KUNUNUA

Watu wengi wanaanza na pampu, wanakuta ya bei nzuri Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) wanabeba, baadaye ndo wanaitafutia kazi. Anza na jeki.

Nguvu ya jeki ni presha mara eneo la pistoni. Presha inapimwa kwa baa, na baa moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo jeki ya kipenyo milimita 80, yenye eneo la sentimita mraba 50, kwenye baa 160 inasukuma tani 8 na kidogo. Ya milimita 90 ina sentimita mraba 63.6, inasukuma tani 10 na kitu.

Sasa trela. Tuseme mzigo wa mahindi ni tani 3 na bodi ina kilo 600, jumla kilo 3,600. Uzito umekaa katikati, mita 1.5 kutoka bawaba za nyuma. Jeki imekaa kwa kulala, ukipima kwa pembe mraba kutoka bawaba mpaka mstari wa jeki unapata sentimita 75. Nguvu inayotakiwa kuanza kunyanyua ni 3,600 mara 1.5 gawa kwa 0.75, unapata kilo 7,200. Jeki ya 80 inaweza lakini imebaki na akiba ndogo, mahindi yakiwa na unyevu au mkulima akirundika inagoma. Chukua 90. Hapohapo umeona kwamba sehemu ngumu ni mwanzo, bodi ikishapanda kidogo jeki inasimama wima na kazi inakuwa nyepesi, kwa hiyo kama una nafasi ya kusogeza mguu wa jeki ili isianze ikiwa imelala sana, hilo linakusaidia kuliko kuongeza presha.

Kasi ndo inaletwa na lita. Jeki hiyo ya 90 yenye mwendo wa mita 1 inataka lita 6.4. Pampu ya lita 40 kwa dakika inaijaza kwa sekunde 10, ya lita 17 inachukua sekunde 22 au 23. Kwa tipa zote ni sawa tu, nani anakimbizwa? Kwa loda sekunde hizo unazihisi.

Pampu: ukubwa wake unaandikwa kwa cc, yaani inameza kiasi gani kwa mzunguko mmoja. PTO ni mizunguko 540 kwa dakika, pampu ya gia ya kawaida ikizungushwa 540 inatoa kidogo na presha inavuja ndani, ndo maana inawekewa gia boksi ya kuongeza kasi. Gia boksi ya 1 kwa 3 inakupa mizunguko 1,620, pampu ya cc 25 inakupa lita 40. Zipo pia pampu nzito za chuma cha kalibu zilizotengenezwa kuzunguka 540 moja kwa moja, nzuri ila bei na uzito vimesimama. Zile pampu za tipa la Fuso kutoka skrepa zinatumika, lakini hakikisha gia boksi ya kuongeza kasi ipo na shafti imekerezwa ikakaa, na ujue umenunua kitu ambacho hujui ndani kimelika kiasi gani.

Nguvu inayoliwa: baa 160 mara lita 40 gawa kwa 600 ni kilowati 10.7, ongeza upotevu unafika 12.5, yaani kama farasi 17. Trekta ya farasi 45 inabeba bila kuhema. Usidanganywe uweke pampu ya lita 80 kwa sababu ipo dukani, utakula farasi 34, mipira yote lazima iwe minene na tenki liwe mara mbili.

VITU VYA KUNUNUA

Pampu na gia boksi yake ya meno 6 ya inchi 1 na 3/8, ndo saizi ya shafti ya PTO ya trekta hizi. Valvu ya mkono ya open senta ya angalau lita 40, yenye rilifu ndani, idadi ya liva kulingana na jeki. Open senta maana yake liva zikiwa katikati oili inapita inarudi tenkini bila presha, ukinunua ya klozd senta kwa pampu ya gia, pampu itasukuma ukutani muda wote.

Kama ni tipa la njia moja omba valvu yenye spuli (kile kigingi kinachoteleza ndani ya valvu) ya njia moja. Ukitumia spuli ya njia mbili ukaziba tundu la pili kwa plagi, kushusha utashusha, lakini muda wote wa kushusha pampu inagonga kwenye ile plagi na rilifu inavunja, joto la bure.

Geji ya presha ya baa 250, yenye glisarini ndani isitetemeke. Watu wanairuka kuokoa hela, mi naona bora upunguze rangi ya tenki kuliko geji.

Filta ya kurudishia ya maikroni 25, yenye valvu ya kupitisha ikiziba. Kichujio cha waya cha kuvutia, maikroni 125 mpaka 150. Kifuniko cha tenki chenye pumulio lenye filta. Kwiki kapla (vichwa vya kuchomeka na kuchomoa mipira) za nusu inchi, chukua zile za kawaida za matrekta ili trela la jirani nalo likubali.

Mipira hii usikadirie kwa macho. Kwa lita 40: mpira wa kuvuta inchi 1 na robo, wenye waya wa kuzunguka ndani usinyonywe ukabanana. Mpira wa presha nusu inchi, wa nyavu mbili za chuma, wale wenye alama 2SN wanabeba baa 275 kwa saizi hiyo, wa waya mmoja 1SN unabeba 160 na we unaenda kufanya kazi hapohapo 160, hauna akiba. Mpira wa kurudi inchi 3/4. Wa kuvuta ndo unaoua pampu nyingi kuliko kitu kingine chochote, mtu anaweka nusu inchi kote kwa sababu fundi alikuwa na roli moja ya mpira.

TENKI

Lita 60 kwa pampu ya 40 inatosha kwa tipa na plau. Kwa mota inayofanya kazi mfululizo ongeza. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 35 linaingia lita 70, unajaza 55 hivi, nafasi ya juu ni ya hewa. Bati la milimita 3, nyeusi ya kawaida, usitumie bati wala bomba la mabati yaliyopakwa zinki maana oili inaitafuna zinki inakuwa uchafu.

Ndani weka ukuta wa kati wenye upenyo kona za chini, upande mmoja mpira wa kuvuta, mwingine wa kurudi, ili oili iliyorudi na mapovu na joto ipumzike kabla ya kuvutwa tena. Mdomo wa kuvuta uwe sentimita 5 juu ya sakafu isivute matope. Bomba la kurudi lizame chini ya usawa wa oili, likimwagia kutoka juu linapiga povu. Plagi ya kumwagia chini kabisa, kioo au bomba la kuonyesha usawa ubavuni, na mdomo mpana wa kuingiza mkono kusafisha. Ukishachomelea gonga kaa zote za kulehemu, osha, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ndani usipake rangi.

Liweke wapi? Usawa wa oili uwe juu ya pampu ili ijishushe yenyewe. Wengi wanalifunga kwenye breketi ya ekseli ya nyuma au madigadi ya kushoto, breketi ifungwe kwenye bolti za ekseli sio bati la madigadi tu, kwani likijaa linafika kilo 70.

KUFUNGA PAMPU

Hapa ndo watu wanapasua sili. Kila pampu ina upande wa kuzunguka, kuna mshale au herufi, na kila gia boksi inatoa mzunguko wa upande fulani. PTO ukisimama nyuma ya trekta ukiiangalia inazunguka kwa mwendo wa saa. Kabla ya kufunga pampu, chomeka gia boksi tupu kwenye shafti, injini imezimwa na PTO haijaingizwa, zungusha kwa mkono kwa mwendo wa saa na uangalie tundu la pampu linazunguka upande gani. Sasa mtego: upande wa pampu unasomwa ukiiangalia kwa mbele ya shafti yake, na we ulikuwa unaliangalia tundu kutoka mahali pampu itakapokaa, kwa hiyo ukiona tundu linaenda kwa mwendo wa saa, pampu unayotaka ni ya kinyume cha saa. Ukikosea pampu inasukuma oili kwenye tundu la kuvuta na sili ya shafti inaruka. Kwenye pampu ya upande mmoja tundu kubwa ndo la kuvuta.

Gia boksi nyingi zinakuja kavu kwenye katoni, jaza oili ya gia 80W-90 mpaka plagi ya usawa. Chomeka kwenye shafti, hakikisha kifungo kimeingia kwenye mfereji.

Usiifunge gia boksi kwa bolti ikakaza na trekta. Inatakiwa ielee kwenye shafti, kinachoizuia isizunguke ni mnyororo au fimbo. Kwa nguvu tuliyopiga hesabu, mnyororo uliofungwa sentimita 40 kutoka katikati ya shafti unashika kama kilo 55, sio nyingi, lakini ukikatika pampu nzima inazunguka na kukata mipira, kwa hiyo weka mnyororo mzima na shackle yake, sio waya wa kufungia ng'ombe. Weka na wa pili uliolegea upande mwingine. Kava ya PTO irudishwe, na nguo zinazoning'inia zikae mbali.

VALVU NA MIPIRA

Valvu ikae mkono wa kulia wa dereva, mahali ambapo anaifikia akiwa ameketi na hawezi kuigusa kwa goti akipanda. Tundu P ni oili kutoka pampu, T inarudi tenkini kupitia filta, A na B zinaenda kwenye kwiki kapla. Geji iwe kwenye kiungo cha njia tatu kati ya pampu na valvu.

Nyuzi za viungo vya huku ni BSP mara nyingi, yaani nyuzi za bomba za Kiingereza. Zile zilizonyooka zinaziba kwa washa ya chuma yenye mpira ndani, hazihitaji tepu nyeupe, na hiyo tepu kwenye haidroliki ni adui kabisa, kipande kinakatika kinaingia kwenye spuli au kwenye rilifu, liva inakwama. Mpira usiukunje karibu na kichwa, usiupitishe karibu na eksozi, uache urefu wa trekta kukata kona na trela. Ukishabanwa kwenye mashine upulizwe kwa kompresa, ndani kunakuwa na unga wa mpira uliokatwa.

OILI NA KUWASHA

Maeneo ya joto kama Kilombero au pwani weka oili ya haidroliki ISO VG 68 (hiyo namba ni unene wa oili), sehemu za baridi kama Njombe na Eldoret asubuhi VG 46 inavuta vizuri zaidi. Oili mpya ya pipani nayo ina takataka, mimina kupitia kichujio.

Kabla ya kuwasha, fungua mpira wa kuvuta ukiwa umejaa, mimina oili ndani ya pampu kwa mkono, funga. Legeza skrubu ya rilifu mpaka karibu na mwisho. Liva zote katikati. Washa injini kwa mzunguko wa chini, ingiza PTO sekunde chache, toa. Rudia. Kama sauti ni ya kawaida na oili inaonekana inarudi tenkini, iache izunguke dakika tano hivi. Kama inapiga kelele ya kusaga kama mawe ndani ya kopo, zima, hapo inavuta hewa au imebanwa upande wa kuvuta.

Sasa unganisha jeki, trela likiwa tupu. Pandisha nusu, shusha, pandisha, shusha, kila mara uende mbali zaidi, hewa itoke. Usawa wa oili utashuka, ongeza. Wakati wa kushughulika chini ya bodi iliyoinuliwa lazima kuwe na nguzo ya chuma inayoshika bodi, jeki peke yake haitoshi, oringi moja ikiachia bodi inashuka yote.

KUSETI PRESHA

Jeki ifike mwisho kabisa wa mwendo, endelea kushika liva, soma geji. Itakuwa chini kwa sababu uliilegeza rilifu. Achia liva, kaza skrubu robo mzunguko, shika tena sekunde tatu, soma, achia. Endelea hivyo mpaka 160. Usishike liva muda mrefu, oili inayovunja kwenye rilifu inapata joto haraka sana. Ukishafika, panda kwenye alama ya PTO ya saa ya mizunguko, zile 540 zinapatikana injini ikiwa karibu 1,700, soma tena, mara nyingi imepanda kidogo, rudisha, kaza nati ya kufungia. Kama 140 inainua mzigo wako, acha 140. Rilifu usiikaze mpaka mwisho hata siku moja, kitakachopasuka hukichagui we.

Kukagua uvujaji, tumia kipande cha boksi la karatasi pembeni ya mpira, usipitishe mkono. Tundu dogo lisiloonekana kwenye baa 150 linachoma oili ndani ya nyama bila hata damu nyingi, unaona kama umechomwa na mwiba, kumbe kidole kinaanza kufa ndani. Ikitokea ni hospitali saa hiyohiyo, mwambie daktari ni oili ya presha iliyoingia, inahitaji upasuaji, isionekane kidonda kidogo ukapewa plasta.

KUJARIBU NA MZIGO

Mzigo wa nusu kwanza, ardhi iliyolala sawa, maana trela lililoinuka kwenye mteremko wa upande linaangusha na trekta. Fanya kazi nusu saa, halafu gusa tenki. Ukiweza kuweka kiganja na kukiacha, uko vizuri. Ukikitoa haraka oili imepita nyuzi 60, tafuta sababu: rilifu inavunja bila we kujua, mpira wa kurudi mwembamba, kwiki kapla haijaingia mpaka mwisho, au valvu ndogo kuliko pampu.

Dalili nyingine. Oili yenye povu ni hewa kwenye upande wa kuvuta, kaza klipu, na kama huioni pakaza oili kwenye viungo uone pampu inanyamaza wapi. Oili nyeupe kama maziwa ni maji, mwaga yote. Jeki inashuka taratibu ukiwa umeachia liva: chomoa kwiki kapla ya mzigo huo, kama jeki ya njia moja imesimama basi inavujia kwenye spuli ya valvu, kama bado inashuka angalia sili za jeki kama zinatoa nje. Kila kitu kimekuwa polepole na geji haifiki: toa mipira ya jeki, kwiki kapla zikiwa zimejiziba, shika liva sekunde mbili usome, ikifika 160 pampu nzima na ubovu upo kwenye jeki, isipofika ni rilifu imekwama na takataka au pampu imelika.

Filta ya kurudi ibadilishe baada ya saa 50 za kwanza, hapo ndo unatoa vumbi la kulehemu na chuma kipya, baada ya hapo kila saa 500 au mwanzo wa msimu. Oili mwaga kila mwaka kama trekta inafanya kazi kwenye vumbi. Kwiki kapla ziwe na vifuniko vya mpira, trela likifunguliwa zifunikwe zote mbili, ya trekta na ya trela, na kabla ya kuchomeka zifutwe kwa kitambaa. Nje ya msimu chomoa pampu kwenye shafti, paka grisi meno, ziba matundu kwa plagi, iweke ndani pakavu na mipira ikiwa imekunjwa kwa mduara mpana mbali na jua.